Peninah wa Maji

Tangi letu la maji lilikauka Jumamosi asubuhi, siku moja kabla ya mama mkwe kufika. Wewe uliyeoa umeshaelewa, na ningeweza kuishia hapo. Lakini nitaendelea, maana nina ya kusema na hapa nyumbani hakuna anayenisikiliza.

Tunaishi Gataka, upande wa Rongai, Kajiado hii hii ya mbuzi na vumbi. Watu wa Nairobi hututania kwamba tuko dayaspora, kwa sababu ukipanda matatu ya 125 jioni na mvua ianze kunyesha, yule aliyepanda ndege kwenda Dubai atakuwa ameshaoga na kula wakati wewe bado unatazama taa za breki. Maji ya mfereji huku ni kama mjomba tajiri: yanasifiwa sana ila hayaonekani. Kwa hiyo tunategemea tangi, na tangi linategemea boza, na boza inategemea mfuko wangu.

Aliyelimaliza tangi ni kijana wangu wa miaka saba, Kiboko. Jina hilo hakupewa na padri. Alilipata kwa kazi yake mwenyewe, kwani anaweza kukaa chini ya bomba kuanzia taarifa ya habari mpaka utabiri wa hali ya hewa. Usiku wa Ijumaa alikuwa ameosha gari lake la plastiki, akalala, akaacha bomba la nje likiendelea kuliosha. Asubuhi nilipogonga tangi liliitika kama ngoma.

"Baba Imani," mke wangu akaita kutoka jikoni, kwa ile sauti ya upole inayonitoa jasho. "Mama anafika kesho."

Mke wangu humu ndani tunamwita Hazina Kuu. Shilingi haitoki bila sahihi yake. Siku hizi M-Pesa inaruhusu mtu kutuma hadi 250,000 kwa mpigo mmoja, tangu kikomo kilipopandishwa mwaka 2023, lakini mimi kikomo changu kilibaki pale alipokiweka yeye siku niliponunua bata watatu Kiserian, na hao bata wakawa wa mtu mwingine. Hiyo nitakusimulia siku nyingine. Mama yake, naye, ni Gavana. Si gavana wa kaunti, la. Ni yule wa Benki Kuu: akikohoa tu, gharama zote za nyumba hupanda.

Basi nikaruhusiwa kuagiza boza ya lita 10,000, nusu yetu na nusu ya jirani, Mama Otis. Bei ilikuwa 6,000. Mama Otis akanitumia 3,000 zake hapo hapo. Yashike hayo kichwani, kwa sababu ndiyo yaliyofanya makosa yangu yafike mpaka ng'ambo ya ukuta.

Mtu wa maji namjua miaka minne sasa. Ana ndevu na kofia ya sufu asiyoivua hata Januari. Jina lake silijui. Kwenye simu yangu anaitwa "Maji Gataka 2", kwa vile wa kwanza alihamia kazi ya mchanga. Usinicheke. Fungua simu yako sasa hivi uniambie mna majina mangapi ya watu humo. Mimi nina Mzee wa Mayai, Gesi ya Chini, Fundi Stima, Fundi Stima Usimpigie, na Kuku Ngong. Jirani ninayeazimana naye ngazi ni Baba Kevo, na Kevo mwenyewe sijawahi kumwona. Huku kwetu mtu akishazaa, jina lake linawekwa kabatini pamoja na suti ya harusi.

Boza ikafika saa nne, ikamwaga maji, Kiboko akashangilia kama gwaride la Jamhuri. Nikatoa simu nilipe. Nikachagua Maji Gataka 2, nikaandika 6,000, nikaweka namba ya siri, na ile Hakikisha ikafanya kazi yake, ikaniletea jina la ninayemtumia.

PENINAH. Halafu majina mengine mawili ambayo sikuyasoma, kwa vile macho yangu yalikuwa yameshapanda kutoka kwenye skrini hadi kwenye zile ndevu.

Hapa nisimame kidogo. Mimi ni mtumiaji wa zamani. M-Pesa ilianza Machi 2007, na tulioingia mapema tulikuwa tunatuma pesa kama mtu anayerusha jiwe gizani: ukishasikia limeanguka ndipo unauliza limempiga nani. Kabla ya Hakikisha nilikosea tarakimu moja, 800 za nauli ya dada yangu zikamfikia mzee mmoja wa Lodwar. Nilimpigia kwa adabu zote. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema alikuwa ameomba usiku kucha na Mungu amemjibu, hivyo yeye hawezi kuingilia kati. Kwa hiyo Safaricom walipoleta huo utaratibu wa kukuonyesha jina na kukupa sekunde chache za kusitisha, mimi nilikuwa wa kwanza kuusifu kanisani.

Nikasitisha.

"Wewe ndiye Peninah?" nikamuuliza.

"Hiyo ni laini ya bibi, boss. Kitambulisho changu kilipotea. Halafu," akapunguza sauti, "yeye ndiye huweka pesa."

Mwanaume mwenzake angemwelewa. Mimi mwenyewe pesa zangu zinawekwa. Laini nyingi mtaani ziko hivyo: zilinunuliwa na binti, zikasajiliwa kwa kitambulisho cha shemeji, zikatumiwa na babu. Mwaka 2022, serikali ilipotaka kila laini isajiliwe ipasavyo, foleni zilipinda kona Aprili, makataa yakasogezwa hadi Oktoba, na bado baba mmoja wa Gataka akatoka humo akiitwa Peninah. Lakini siku hiyo shetani wa uangalifu alikuwa amenipanda. Nikakunja mikono. Nikamwambia mimi situmi pesa kwa jina nisilolijua, anipe namba yenye jina la mwanamume.

Akanitazama muda mrefu. "Nitakutumia namba nyingine," akasema, akapanda boza yake akaenda kwa mteja wa pili, karibu na shule.

Nikaingia ndani kifua mbele. Nikamweleza Hazina Kuu jinsi nilivyookoa 6,000. Hakusifu, lakini hakupinga pia, na katika ndoa ya miaka 14 hiyo ni medali.

Baada ya dakika ishirini hivi simu ikalia. Ujumbe: "Ile pesa tuma kwa hii namba, hiyo ingine iko na shida."

Najua. Najua! Usinipigie kelele. Kila Mkenya mwenye simu ameupata ujumbe huo. Unaupata ukiwa hudaiwi na mtu, unacheka, unaufuta. Watu husema hutungwa Kamiti, nyuma ya kuta za gereza. Wengine huapa ni Mulot kule kwenye mpaka wa Narok na Bomet, ambako makachero wa DCI wameenda mara nyingi kukamata watu na magunia ya laini za simu. Anayetuma hajui jina lako wala hajui kama una deni. Yeye hutawanya tu ujumbe kama mbegu za sukuma wiki. Na mimi nakuuliza, Jumamosi saa tano asubuhi, Kajiado nzima, ni nyumba gani isiyodaiwa? Kama si maji ni gesi, kama si gesi ni fundi wa lango. Mjanja hahitaji kukulenga. Anahitaji tu uwe mzazi.

Nikachagua kutuma pesa. Nikaandika namba mpya. 6,000. Namba ya siri. Jina likaja.

JOSPHAT.

Nikafurahi! Nakuambia ukweli wangu wote: nikafurahi. Nikajisemea, aha, sasa huyu ni mwanamume. Sekunde za kusitisha zikapita mimi nikiwa nimeegemea kochi, nikijipongeza. Jina la kweli lilinitisha nikalifukuza langoni, na la mwizi likanipendeza kwa sababu ya ndevu ambazo hata sikuziona.

Saa kumi jioni mtu wa maji akapiga. "Boss, ile pesa?"

Yaliyofuata nitayapitisha haraka. Nilienda chooni kufikiri, na choo kilikuwa na maji, ambayo nilikuwa sijayalipia. Nilipotoka, kwenye korido alikuwa amesimama binti yangu Imani, miaka 13, ambaye nyumba nzima inamwita Kachero. Huyu mtoto anaweza kujua nimekula mandazi kazini kwa kutazama kola ya shati. Alinyoosha mkono. Nikampa simu.

"Baba. Huu ujumbe umetoka kwa namba gani?"

"Ya mtu wa maji."

"Mtu wa maji uko naye hapa, Maji Gataka 2. Angekutumia kwa laini yake mwenyewe. Hukumpigia kumuuliza?"

Sikumpigia. Ningempigia vipi mtu niliyetoka kumwita Peninah mbele ya mtoto wangu?

Kachero akachukua usukani. Ule ujumbe wa M-Pesa wa kuthibitisha akausukuma kwa 456, kuomba pesa zirudishwe. Ile namba ya mwizi akaipeleka 333, wanakopokea taarifa za matapeli. Akaniketisha na kunihubiria: Safaricom wakinipigia watatumia 0722 000 000 pekee, mwingine yeyote anayejiita mhudumu ni wa kukatiwa. Ujumbe wa kupokea pesa ukitoka kwa namba ya kawaida badala ya M-PESA yenyewe, basi hakuna pesa, hata kama mtu analia kwamba ametuma kimakosa nimrudishie. Na akanibonyezea *100*100# ili mtu asiweze kuibadilisha laini yangu kisirisiri. Nilikuwa natikisa kichwa kama mbuzi wa kununuliwa.

Jibu la 456 lilikuja: zilishatolewa. Josphat, yeye, hakukawia kama mimi.

Hazina Kuu hakupiga kelele. Aliendelea kukunja shuka za Gavana, akasema tu, "Na zile za Mama Otis zilikuwa humo." Halafu akakumbusha Kitengela.

Lazima nikueleze Kitengela, maana ni hadithi inayosomwa hapa nyumbani kama Injili ya Jumapili. Chama chao cha akina mama kilitaka ploti huko, bapa, karibu na lami, bei nzuri mpaka inatia shaka. Muuzaji alijitambulisha kama kampuni, ana kofia zenye nembo, ana maji ya chupa kwa kila mgeni. Mimi nilivutiwa sana na yale maji ya chupa. Mke wangu, ambaye ni mweka hazina, alipopewa namba ya akaunti ya kulipia hakutuma. Alifungua programu ya benki, akaiandika ile namba kwa PesaLink, ule mfumo ambao mabenki ya Kenya yaliuleta mwaka 2017 wa kuhamisha pesa papo hapo, na kabla ya kubonyeza, likaja jina la mwenye akaunti. Halikuwa la kampuni. Lilikuwa la mtu mmoja binafsi, mwenye majina matatu na bila kofia. Akampigia muuzaji kumuuliza. Muuzaji akasema ni mhasibu. Akauliza mhasibu gani anawekewa pesa za kampuni kwenye akaunti ya kwake. Laini ikakatika, na mpaka leo haijaunganishwa. Chama kikaamka na pesa zake zote, mke wangu akanunuliwa leso mbili, na mimi nikanyang'anywa haki ya kutoa maoni kuhusu ardhi.

"Mimi nilisoma jina," akasema sasa, akilainisha shuka. "Wewe ulisoma jinsia."

Usiku akapiga shemeji yangu wa Coventry, ambaye tunamwita Dayaspora Halisi ili asichanganywe na sisi wa Rongai. Habari zilikuwa zimeshamfikia; Kachero ana bando. Akaniambia kule Uingereza haya yasingetokea. Tangu mwaka 2020 mabenki makubwa ya kule yanakutaka uandike jina la unayemlipa pamoja na namba ya akaunti, na benki inakujibu: jina linalingana, linakaribiana, au silo. Na ukishatapeliwa licha ya hayo yote, tangu Oktoba 7, 2024 benki zinawajibika kumrudishia aliyedanganywa hadi pauni 85,000.

Kuhusu kurudishiwa nilinyamaza kwa heshima, nikifanya hesabu ya 6,000 ni pauni ngapi. Lakini lile la kuandika jina nilimpinga. Sisi simu inatuletea jina, tunaamua wenyewe. Wao wanalitunga kwanza halafu wanasahihishiwa. Mimi ningeandika nini? Maji Gataka 2? Benki ingejibu kwamba halilingani, halikaribiani, na nikalale.

"Shemeji," akasema, "mtu unayemlipa kila mwezi miaka minne, hujawahi kumuuliza jina?"

Nikamwambia mtandao unasumbua.

Mtu wa maji nilimlipa kwa mkopo wa Fuliza, kwa Peninah yule yule, na jina lilipotokea nililisalimia moyoni. Gavana akafika Jumapili, nyumba inang'aa, tangi nusu, na kabla hajaketi Kiboko akamkumbatia magotini na kutangaza, "Nyanya, Baba alituma pesa Kamiti!" Mama mkwe akanipa mkono wa pole kama wa msibani. Siku tatu alizokaa, kila nilipogusa simu alikuwa akikohoa.

Jumatano akaondoka. Nikamsindikiza mpaka stendi Rongai, nikamwambia kwa madaha, "Mama, nauli nakutumia sasa hivi." Mke na watoto walikuwa kando. Kwa sheria mpya ya nyumbani, hakuna pesa inayotoka bila jina kusomwa kwa sauti mbele ya shahidi. Nikamchagua Gavana kwenye orodha, nikaandika 2,000, nikaweka namba ya siri. Jina likaja.

PENINAH.

Ndugu yangu, nilijua moja kwa moja kwamba kidole kimeteleza nimemchagua mtu wa maji. Nikasitisha kwa kasi ambayo sijawahi kuwa nayo. "Nimewahi!" nikasema. "Ilikuwa inaenda kwa yule bibi wa boza!"

Hakuna aliyezungumza. Nganya moja ikapita na muziki wake wote, ikaisha, na bado hakuna aliyezungumza.

"Baba," Kachero akasema polepole, "Nyanya ndiye Peninah."

Nilijaribu kujitetea. Nilisema kwetu jina la mama mkwe halitamkwi, ni heshima, ndiyo maana hata sikulitafuta. Mke wangu akaniuliza mbona kwetu huko kwenye jina lisilotamkwa nimeandika Gavana. Mama mkwe mwenyewe hakuwa amekasirika, na hilo ndilo lililoniuma. Alitoa noti mbili za elfu kwenye leso, akanionyesha, akazirudisha. "Nauli ninayo, Baba Imani. Ziweke za maji."

Jioni hiyo simu yangu ilichukuliwa kwa marekebisho. Mama na binti walikaa nayo mezani kama tume ya uchaguzi, wakafungua jumbe za M-Pesa moja moja, na kila mtu akaandikwa upya kwa jina lake la sajili. Gesi ya Chini sasa ni mtu mwenye jina refu la kuheshimika. Mzee wa Mayai kumbe ni Cornelius. Fundi Stima na Fundi Stima Usimpigie walikuwa mtu mmoja mwenye laini mbili. Nikarudishiwa simu safi, ya Kiingereza kitupu cha ubatizo, na onyo kwamba hakuna majina ya utani tena.

Nimekaa nayo hivyo wiki mbili. Simjui mtu hata mmoja humo.

Leo asubuhi Kiboko ameoga. Nimegonga tangi, limeitika. Hazina Kuu ametoka na Kachero yuko shuleni, nami nikaona hii ni nafasi yangu ya kutengeneza mambo kimya kimya kabla hawajarudi. Nikatafuta. Peninah wapo wawili, mmoja juu ya mwingine. Nikakumbuka kwamba wa maji alikuwa na majina mengine mawili yaliyoanza na W, au labda M. Nikapiga wa juu. Ikaitika mara moja, nikaona nimpe maneno mazito ya kiume ili ajue hatujasahau.

"Mzee, hebu niletee lita 10,000 kabla ya saa sita, na leo usiniletee zile ngonjera za bibi anaweka pesa. Na uvue hiyo kofia, jua kali."

Kimya. Kisha kikohozi ninachokijua.

"Baba Imani?"